Nilimwelekeza Mwenyewe

"Dada, nitafutie mahali ambapo mwanamume anayeujua mji huu wote hajawahi kufika. Nataka safari hii mimi ndiye nimshangaze."

Dira alicheka. Ndiyo iliyokuwa kazi yake pale hotelini. Alikaa kwenye meza ndogo karibu na mapokezi, na yeyote aliyetaka kuujua mji alielekezwa kwake. Mji wenyewe ulikuwa wa muziki. Bendi zilifanya mazoezi hata nyuma ya gereji. Dira alijua ukumbi gani una dansi Jumamosi mchana, kinyozi gani anapiga santuri za zamani huku akinyoa, wapi mgeni aende peke yake na wapi asithubutu bila mwenyeji. Wenzake walimbandika jina hilo la Dira, likamganda.

Aliyesimama mbele yake alikuwa mfamasia kutoka mji wa mbali, mwanamke mpole mwenye kicheko cha haraka. Likizo iliyopita alifikia hapo hotelini akiwa ndiyo kwanza ameachwa na mume, macho yamevimba kwa kulia, na Dira alimwonea huruma akampangia matembezi mazuri. Sasa alikuwa amerudi, amenawiri kama si yeye. Hakulala pale tena. Alisema mwenyeji wake amemtafutia nyumba ya wageni upande wa pili wa mji, eti hoteli hii ina kelele. Alikuwa amekuja kwa siri, kuomba ushauri tu.

"Na huyo mwenyeji ni nani?" Dira akauliza, akitandaza ramani.

"Si wewe uliyenielekeza? Uliniambia nikifika ule ukumbi wa ghorofani nisiondoke kabla ya kumsikiliza mpiga gitaa. Nikakutii, na moyo wangu ukabaki huko huko."

Mfamasia akacheka. Dira naye akacheka, maana mdomo ulikuwa umeshajiandaa. Mpiga gitaa wa ukumbi ule alikuwa mmoja tu, watu walimwita Nyuzi, na alikuwa mchumba wake. Posa ilikwishapokelewa. Mama yake Nyuzi alikuwa akimshonea gauni la harusi.

Akajikaza. Akajiambia pengine ni ushabiki tu. Wanawake wengi walivipenda vidole vya Nyuzi, wakarudi kwao salama. Akauliza, kama mtu anayefanya kazi yake, wameshatembea wapi na wapi. Mfamasia akamtajia: kwa kinyozi, kwenye duka la fundi wa vinanda, kwenye mgahawa ambao mpishi wake aliwahi kuwa mwimbaji. Yote ni maeneo ambayo Dira aliwaelekeza wageni kila wiki. Akaanza kupumua.

"Na pale juu ya paa la kiwanda cha uchapaji," mfamasia akaendelea. "Ukikaa kando ya tangi la maji unasikia bendi tatu zikifanya mazoezi kwa wakati mmoja, mpaka unadhani ni wimbo mmoja. Pale ndipo aliponiomba anioe."

Paa lile Dira hakuwahi kumwelekeza mgeni yeyote. Alilificha kwa makusudi. Ndipo Nyuzi alipomwomba yeye, kando ya tangi hilo hilo.

Akaichukua simu yake, akaandika chini ya meza: "Uko wapi mpenzi?"

Jibu likaja upesi: "Mazoezini. Leo nitachelewa, usinisubiri kula."

Hajaiweka chini, simu ya mfamasia nayo ikalia. Mwenyewe akasoma kwa sauti, kwa furaha ya mtu asiye na cha kuficha.

"'Saa kumi nakupitia, malkia wangu. Vaa ile ya bluu.' Unaona vituko vyake?"

"Naona," Dira akasema. Kisha akauliza kitu ambacho hata yeye hakujua kwa nini anakiuliza. "Kwao ameshakupeleka?"

"Kwao wapi, dada? Hana mtu. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Akinisimulia, machozi yanamlengalenga. Juzi tulilia wote wawili."

Dira alikuwa amekula chakula cha mchana na mama huyo Jumapili.

Maneno yalimjaa kinywani. Angeweza kuyamwaga yote pale pale. Lakini alimtazama yule mwanamke, akajua kwamba likitoka kwake litakuwa neno la mwenye wivu, na Nyuzi angelipangua kabla chai haijapoa. Akakunja ramani.

"Kesho mchana nitakupeleka mwenyewe mahali fulani. Usimwambie."

Mfamasia akamkumbatia. Hilo ndilo lililomuumiza Dira kuliko yote ya siku ile.

Jioni Nyuzi akapiga simu, sauti tamu kama kawaida yake, akalalamikia spika za ukumbini zinavyokwaruza. Dira alimsikiliza hadi mwisho. Hakusikia hata mkwaruzo mmoja kwenye uwongo wake. Ikampitia akilini kwamba huenda amekuwa akiusikia uwongo huo kwa muda mrefu, akidhani ni mapenzi.

Kesho yake akampitia mfamasia, wakaenda kwa miguu. Njiani mgeni aliuliza maswali mengi na Dira alijibu machache. Wakafika kwenye nyumba ya vyumba viwili, barazani mashati ya kumetameta ya wanamuziki yamening'inia kwenye kamba. Mama Nyuzi alikuwa fundi wa nguo za jukwaani. Nusu ya bendi za mji zilivaa kazi ya mikono yake. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, miwani puani.

"Karibuni, wanangu. Mkwe, leo umeniletea mteja?"

Mfamasia hakujibu salamu. Alikuwa ametazama ukutani, penye picha ya kijana aliyekumbatia gitaa, na kando yake gauni jeupe ambalo bado halikuwa na mikono.

"Mama, huyu kwenye picha ni nani wako?"

"Mwanangu. Sina mwingine. Ndiye anayemwoa huyu uliyekuja naye."

Mfamasia akamgeukia Dira, kisha mama, kisha picha tena. Alipozungumza, ilikuwa kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

"Aliniambia mama yake alikufa. Na mimi pia ameniposa."

Mguu wa mama ukaacha kukanyaga cherehani. Akamwomba arudie. Akarudia. Dira akaeleza yaliyobaki, bila kuongeza chumvi, na alipomaliza mfamasia alikuwa analia kimya kimya.

"Ulijua tangu jana?"

"Nilijua pale mezani. Nisamehe, dada. Ningesema mimi, ungemwamini yeye."

Mfamasia akafikiri. "Kweli. Ningemwamini yeye."

Mama akachukua simu, akamwambia mwanawe neno moja tu: njoo.

Nyuzi aliingia na gitaa mgongoni, akipiga mluzi. Mluzi ukamfia midomoni. Wanawake watatu aliokuwa amewatenganisha kwa ustadi mkubwa walikuwa wamekaa kwenye chumba kimoja, na hakuna aliyempisha kiti.

"Mama, naomba nieleze."

"Anza na kaburi langu," mama akasema. "Mlinizika wapi?"

Nyuzi akapiga magoti. Akaanza kusema kwamba ulikuwa utani uliomponyoka, kwamba mwanamke alipomwonea huruma akashindwa kurudi nyuma. Mama akatazama pembeni. Mfamasia aliuliza jambo moja tu.

"Yale machozi. Ulikuwa unayatoa wapi?"

Nyuzi akamgeukia Dira, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa na uchungu wa kweli.

"Wewe ulinigeuza kivutio, Dira. Kila mgeni anayekuja ananitazama kama jengo la zamani. Wanajua wimbo gani nitapiga, wanajua nitacheka wapi. Nilitaka mtu mmoja asiyenijua."

Kulikuwa na chembe ya ukweli ndani ya maneno hayo, na ilimchoma Dira. Ni kweli alimsifu kwa watu mpaka akawa hamuulizi tena hali.

"Hilo ungeniambia, ningeacha siku ile ile," akasema. "Nami ningekuomba radhi. Lakini huyu umempata amejeruhiwa, ukamjeruhi upya. Na mama yako umemzika angali anashona. Hayo si makosa yangu, usinibebeshe."

Mfamasia akanyanyuka. Alimshika mama mkono kwa mikono miwili, akatoka. Dira akamfuata hadi mtaani, akitaka kusema lolote.

"Sikuchukii, dada," mfamasia akamkatiza. "Ila kwa sasa sitaki kukuona."

Dira akaitikia kwa kichwa, akabaki amesimama hadi mwenzake alipokata kona.

Aliporudi ndani, Nyuzi alikuwa ameketi sakafuni, mama amelishusha gauni ukutani na analikunja taratibu. Akampa Dira.

"Harusi haipo, hilo sikuulizi. Lakini nililishona kwa vipimo vyako, si vyake. Lichukue. Hata ukilikata mapazia."

Dira akalipokea, akamwinamia mama, akaondoka bila kumtazama aliyekaa chini.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kazini, kwa kuwa nyumbani kuta zilikuwa zikimsogelea. Kabla ya adhuhuri simu ikaita. Alitaka asipokee, akapokea.

Nyuzi alisema mengi. Bendi imesikia. Mama hasemi naye. Mfamasia ameshapanda basi. Alisema hajui alikuwa anatafuta nini. Dira alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Nimesharudisha moyo nyuma, Nyuzi. Sirudi."

"Basi niambie nifanye nini. Niende wapi?"

Maisha yake yote ya kazi Dira alikuwa akiulizwa swali hilo.

"Nenda kwa mama yako," akasema. "Acha gitaa nje. Kaa naye hata kama hasemi."

Akakata simu. Ndipo machozi yaliyomgomea tangu juzi yakamtoka, pale pale mezani, mchana kweupe, mbele ya mume na mke waliokuwa wamekuja na mizigo yao kuulizia matembezi. Mwanamke akamgusa mumewe, akasema watakuja baadaye.

"Hapana," Dira akasema, akijifuta kwa kiganja. "Kaeni. Nipeni dakika moja tu."

Wakakaa. Mwanamke akasogeza kiti chake karibu kidogo, akasubiri naye.