Daktari Aliyedhani Amehitimu

Ndugu zangu, nawasimulia habari ya nyumba iliyonusurika, ili ya kwenu isifike pale ilipofika hii.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Daktari alikuwa sebuleni na gazeti lake, miguu peku, chai ikitoa mvuke. Chumba cha pili cherehani ya mkewe ililia, ikapumzika, ikalia tena. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa redio yake. Kisha cherehani ikanyamaza moja kwa moja.

Alimkuta mkewe ameegemea meza, kiganja shavuni.

"Mama watoto, vipi tena?"

"Taya, baba. Nilipanda ghorofani kuchukua uzi, nimerudi hoi."

"Jino hilo. Na uchovu ni umri tu, mke wangu."

Akampa vidonge viwili vya maumivu, akarudi kwenye gazeti.

Msifanye haraka kumlaumu. Hakuwa daktari mbaya. Wagonjwa walimwita Mzee Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kumharakisha mtu. Tatizo lake lilikuwa moja: aliamini kwamba siku alipopewa cheti ndiyo siku masomo yalipokwisha. Kila mwaka ililetwa barua ya kuwaita madaktari kwenye mafunzo ya kumtambua mtu aliye hatarini kupata ugonjwa wa moyo kabla haujampiga. Kila mwaka ilifia kwenye droo.

"Nimesikiliza mioyo ya watu kabla wakufunzi hao hawajaota meno," alisema.

Kichwani mwake, mgonjwa wa moyo alikuwa mwanamume mnene, mvutaji sigara, aliyeshika kifua. Mkewe alikuwa mwembamba kama uzi wake mwenyewe.

Mwaka huo barua alikuwa ameisukumia kwa muuguzi wake, mwanamama wa mbio mbio ambaye wagonjwa walimbatiza Sista Haraka. "Nenda wewe, ukapumzike." Sista hakupumzika. Alirudi na daftari limejaa hadi kwenye jalada.

Alhamisi baada ya Jumapili ile, mke wa daktari alimpelekea mumewe miwani aliyoisahau. Ngazi za zahanati ni nane tu, lakini alifika kwenye benchi jasho linamchuruzika. Sista akaketi kando yake.

"Mama, taya linauma ukitafuna?"

"Hapana. Nikipanda ngazi. Nikikaa linaacha."

"Ulipokuwa mjamzito, presha ilikusumbua?"

"Ya kitinda mimba nusura inimalize."

"Na mama mzazi?"

"Alianguka ghafla jikoni. Mwakani nitafikisha umri aliokufa nao."

Sista akampima presha, akapima na umeme wa moyo kwa mashine, ikatoa karatasi ya mistari, kisha akaingia kwa daktari bila kubisha.

"Unataka kunifundisha habari za mke wangu?" daktari aliuliza, sauti imepanda.

"Hapana, daktari. Nakuomba usome karatasi hii."

Akasoma. Kusoma alijua, na mistari ile ilionyesha moyo unaokosa damu. "Sijawahi kumpima presha," alinong'ona. "Wagonjwa elfu nzima, yeye sijawahi."

Gari la wagonjwa likamkimbiza mama hospitali kubwa, na jioni ile ile mshipa wa moyo ukazibuliwa. "Shukuru aliyemtambua," bingwa wa moyo alimwambia daktari. "Mngechelewa siku chache, tungekuwa tunazungumza mengine."

Daktari alishukuru. Siku iliyofuata, mbele ya benchi lililojaa wagonjwa, alimshika muuguzi wake mikono yote miwili. "Umenirudishia nyumba yangu, Sista." Machozi yalimtoka waziwazi, naye hakuyaficha.

Lakini shukrani haikumwachia usingizi mtamu. Alifungua mafaili, akitafuta watu aliowarudisha nyumbani na vidonge vya tumbo au vya maumivu. Mmoja alikuwa mke wa fundi viatu, aliyezikwa mwaka uliopita. Daktari akaenda mwenyewe mpaka kibandani kwa fundi, akasimama.

"Mkeo alikuja kwangu na kichefuchefu na uchovu. Moyo wake sikuupima. Nilipaswa kujua, na sikujua kwa sababu nilikataa kujifunza. Nisamehe."

Fundi aliweka sindano chini, kiatu cha watu mapajani. "Na wengine kama yeye?"

"Nawaita wote, mmoja mmoja."

"Basi nenda kawaite," fundi akasema, akarudi kwenye kiatu chake. Neno la msamaha hakulitoa, na daktari hakulidai.

Mafunzo yaliyofuata, mzee wa miaka sitini na minne aliketi kiti cha mbele. Alipotoka siku ya mwisho, mkewe alikuwa anamsubiri getini, amefika kwa miguu yake.

"Mwanafunzi wangu," alimtania, "wamekupa kazi ya nyumbani?"

"Wamenipa. Nyoosha mkono nikupime presha."

FUNZO

Daktari, cheti chako kinasema ulichokijua siku ile. Mgonjwa anakuja na ugonjwa wa leo. Rudi darasani, na akijua zaidi aliye chini yako, msikilize na umshukuru. Nasi wengine tusingoje kifua kiume. Tupimwe presha na sukari, tuseme nani alianguka katika ukoo wetu, tutaje na presha za uzazi. Kuulizwa maswali mengi na daktari si usumbufu. Ni kupendwa.