Barafu kwa Mguu wa Fundi

Kila asubuhi Fundi alikaa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, na mkewe alifunga mkoba wake wa kazi. Bandeji, plasta, mkasi, vifuko vya barafu. Mke alisomea kutibu majeraha ya michezo miaka mitatu. Sasa alitunza wachezaji walioumia katika timu ya mpira wa kikapu ya chuo. Wenyewe walimwita Mama Barafu. Jumamosi alitakiwa kusaini mkataba wa kudumu.

Jina hilo lilimkera Fundi. Lilimkera zaidi jina la Twiga, mchezaji mrefu kuliko wote. Kila jioni ilikuwa Twiga kaumia kifundo, Twiga kafungwa bandeji, Twiga leo karuka vizuri. Wivu ulimjaa Fundi.

"Kazi gani hiyo ya kushikashika miguu ya wanaume?" alifoka Alhamisi asubuhi. "Usisaini. Chagua, mimi au wao."

"Mume wangu, umewahi kuniona kazini?"

"Sina haja. Lisemwalo lipo."

Mke alibeba mkoba akatoka, na mkasi akausahau mezani.

Fundi alipouona mkasi alipata sababu. Aliutia mfukoni akaenda chuoni. Lakini mlangoni hakubisha hodi. Alizunguka nyuma ya ukumbi wa michezo, akavuta benchi bovu, akalipanda, akachungulia dirishani.

Twiga, alimjua kwa urefu, alikuwa amelala juu ya meza. Mguu wake ulikuwa mikononi mwa mke wa Fundi. Na Twiga alikuwa anacheka mpaka meno ya mwisho yanaonekana! Fundi alisogea aone vizuri. Benchi nalo likasogea. Puu! Akawa chini, kifundo cha mguu wa kulia kimeteguka.

"Nani huyo?" sauti iliuliza ndani.

Fundi hakungoja. Alichechemea hadi nyumbani, njia nzima akimlaani Twiga, utadhani Twiga ndiye aliyemsukuma.

Nyumbani alifanya kama alivyoona kwao tangu utoto. Alichemsha maji, akaukanda mguu kwa kitambaa cha moto, kisha akauchua kwa nguvu zake zote. Machozi yalimtoka. Alipojaribu kukanyaga cherehani, mguu ulikataa kabisa. Ulikuwa umevimba, hauingii tena kwenye kiatu.

Mke aliporudi alimkuta kitandani.

"Umepatwa na nini?"

"Nimeteleza tu."

"Pole. Nikushike?"

Fundi alishangaa. "Unaniomba ruhusa, mimi mumeo?"

"Namwomba kila mtu. Mguu ni wake, si wangu."

Alibonyeza mifupa ya kifundo taratibu, pande zote mbili, macho yake yakiwa usoni kwa Fundi. Kisha akamwambia atembee hatua nne. Fundi alizimudu, meno ameyauma.

"Ukibonyezwa mfupa huumii, na kukanyaga unaweza. Vinginevyo tungekwenda hospitali ukapigwe picha. Umeukanda kwa moto?"

"Na nikauchua."

"Ndiyo maana umevimba hivi! Mguu ukiteguka, siku mbili tatu za kwanza usiupashe moto wala usiuchue. Unazidisha uvimbe. Upumzishe. Weka barafu ndani ya kitambaa, isiguse ngozi, dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha iondoe. Baada ya saa mbili tatu unarudia. Bandeji usiikaze sana. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, ilegeze. Na mguu uuinue juu ya mito."

Alikuwa akisema huku akitenda. Fundi alivumilia, mpaka lililomkaa rohoni likamponyoka.

"Na Twiga alikuwa anacheka nini?"

Mikono ya mke ilisimama. "Umejuaje kwamba Twiga alicheka?"

Fundi akatazama dari.

"Kumbe aliyeanguka dirishani ni wewe!" Mke aliangua kicheko. Kisha akaacha kucheka. "Yule anaogopa barafu kama mtoto. Namtania ili asahau maumivu. Wewe je? Kutwa nzima unapima viuno vya wake za watu. Siku gani nilikuja kukuchungulia?"

Ni kweli, Fundi akishika utepe wa kupimia, kiuno cha mteja kwake kilikuwa namba tu. Aliona aibu, tena aibu kubwa.

"Nisamehe," alisema. "Keshokutwa nenda kasaini." Akatoa mkasi mfukoni. "Na huu hapa. Nilikuletea, ila haukufika."

Mke alisaini. Fundi naye alifuata maelekezo. Uvimbe ulipopungua, alianza kukizungusha kifundo polepole kila siku. Alipokuwa amekaa, mguu juu, alishona kwa mkono vifuko kumi vya kitambaa vya kutilia barafu, zawadi kwa timu. Baada ya wiki tatu cherehani ililia tena.

Jioni moja Twiga alikuja kupimwa suruali. Za dukani zote zilimwishia kwenye ugoko. Fundi alipiga magoti, akamshika kifundo, akazungusha utepe. Twiga akatekenyeka, akacheka kwa sauti.

Mke wa Fundi ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Akasimama, mikono kiunoni.

"Haya, mume wangu. Mguu wa Twiga nimeuona mikononi mwako, na meno yake ya mwisho nimeyaona," alisema. "Tena mimi nimepita mlangoni, sikupanda benchi."