Bwawa la Kelvin na Lita Zilizopungua

Mniwie radhi kwa hesabu. Bila hesabu hadithi hii hamtaiamini. Bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba ya Kelvin Hoad, pale mji mdogo wa Roma, jimbo la Queensland, si Roma ile ya Papa, lina urefu wa mita nne, upana mita tatu, na kina cha mita moja na sentimita ishirini mpaka kwenye mstari wa vigae. Zidisha: lita elfu kumi na nne na mia nne. Kelvin alijenga mabwawa miaka arobaini, na hili alimjengea mkewe, Merrin. Mwezi wa tatu Merrin alizama humo. Kelvin hakulia. Aliyamwaga maji, akafunga geti, akawa anakula mkate mkavu asubuhi na jioni.

Desemba, binti yake Bronwyn akaja na mwanawe Tilly, wa miaka minne. Tilly alitaka kuogelea, basi babu akalijaza. Maji yalipogusa mstari, mita ya maji ilionyesha bado lita hamsini na nane hazijaingia.

"Mita mbovu hiyo, Baba," Bronwyn alisema.

"Labda."

"Badilisha basi. Wewe na namba zako, hata Mama alikuwa anakucheka."

Kelvin aliirudia hesabu kichwani. Merrin alikuwa na kilo hamsini na nane, na mtu akizama husukuma maji karibu lita moja kwa kila kilo. Hata hivyo hakuogopa. Tangu msiba ule hakuna kilichomgusa.

Akayamwaga tena, akafunga mita mpya, akajaza; zikapungua hamsini na nane zilezile. Mchana wa mkesha wa Krismasi akaenda kuangalia presha ya chujio. Pampu ilikuwa imezimwa, mshale wa kipimo ulipaswa kulala kwenye sifuri, lakini ulikuwa unapanda na kushuka, taratibu, unapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala, na hewa ikanuka ile sabuni ya mikaratusi aliyoitupa mwenyewe pamoja na nguo za marehemu, na alipoinama kusoma mita akakuta sasa zimepungua lita sabini na tano, akatoa hamsini na nane, akarudia kutoa kwa sauti, na kila mara akabakiwa na kumi na saba, kilo za Tilly, aliyempima asubuhi ile bafuni.

Akageuka. Geti la uzio hujifunga lenyewe, ila Bronwyn alikuwa ameliegemezea sanduku la barafu libaki wazi ili apitishe vyakula. Tilly alikuwa ameshakaa ukingoni, miguu ndani ya maji.

"Babu," alinong'ona, "Bibi amenishika kidole cha mguu. Ana mkono baridi."

Kelvin alimnyakua. Kitu kilivuta kidogo, kisha kikaachia.

"Baba, kuna nini?" Bronwyn aliuliza.

"Mpeleke ndani. Usiniulize."

Kwetu tungesema ni jini, tukafukiza ubani. Watu wa Roma hawana ubani, wana malori. Baada ya sikukuu Kelvin aliyamwaga maji, akaagiza mchanga lita elfu kumi na nne na mia nne, hakuongeza hata koleo moja. Bwawa likajaa mpaka kwenye mstari. Pembeni kikabaki kirundo.

"Umezeeka, Kel," dereva wa lori alimtania. "Siku hizi hata kupima unakosea."

Lori lilipoondoka, Kelvin akaleta ndoo ya lita kumi akipime kile kirundo. Akajaza tano. Ya sita ikaishia kwenye lita nane.

Akakaa juu ya mchanga, akalia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Chini yake mchanga ulikuwa unapanda na kushuka, taratibu.