Zamu ya Mbele

Krik...

Mnyororo mkavu wa baiskeli. Wangu nilikuwa nimeutia mafuta asubuhi, kwa hiyo haukuwa wangu.

Nilikuwa peke yangu kwenye barabara ya vumbi, mahindi kushoto, mahindi kulia, jua limeshazama. Upepo ulinisukuma kifuani kama mtu anayenikataza kuendelea. Siku nzima nilikuwa nakanyaga pedeli. Mwenye duka wa njia panda alikuwa ameniuliza, "Umbali wote huo kwa hiari yako? Au mke amekufukuza?" Tukacheka. Kisha akanielekeza kwa mama mmoja anayelaza wasafiri, mashamba yanapoishia.

Krik... krik...

Akanipita. Mwanamume mwenye shati jeupe, ameinama juu ya baiskeli kuukuu yenye keria. Hakusalimu. Akaingia mbele yangu, na papo hapo upepo ukakoma.

Sisi wa baiskeli tunaujua utamu huo. Wa mbele anapasua upepo, wa nyuma anateleza tu. Ndiyo maana kuna adabu yake: mnapokezana. Nikinge kidogo, nami nikukinge kidogo.

Nikajibanza mgongoni mwake. Mahindi yalikuwa yanalala kwa upepo pande zote mbili, lakini mimi hata kola haikutikisika. Alinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Nipokee," akanong'ona bila kugeuka.

Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. "Bado kidogo, kaka."

Tukaenda. Giza likashuka.

"Ndugu yangu... nimechoka. Nipokee."

Nikasikiliza pumzi yake.

Ilikuwa inaingia tu. Haitoki.

Taa ya nyumba ikaonekana kando ya njia. Nikakata kona ghafla, nikamwacha pale barabarani. Hata asante sikumwambia.

Mama mwenye nyumba alinifungulia mwenyewe, akanisogezea kigoda na kunipa kikombe cha maji. Chumba cha pili, binti yake alikuwa anambembeleza mtoto mchanga kwa wimbo wa chini chini.

"Karibu, mwanangu. Lakini mbona nywele zimelala vizuri hivyo? Wageni wangu wote huingia hapa kama wametoka kupigana na kuku."

Nilitabasamu. Yeye tabasamu lake likafifia.

"Kuna mtu alikukinga?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaketi taratibu, mkono ukutani.

"Ni baba watoto," akasema. "Walikuwa wanarudi kutoka sokoni kwa baiskeli, yeye na wenzake. Upepo kama huu. Wakajificha mgongoni mwake njia nzima. Akiomba apokewe, wanamwambia bado kidogo. Bado kidogo. Moyo wake ukasimama hapo kwenye mahindi."

Nikakiweka kikombe chini.

"Tangu siku hiyo jina lake halitajwi humu ndani. Hata binti yake hajanisikia nikilitamka. Nilionywa: nikimwita kabla hajapokewa, ataingia na kumchukua mtu wa kumpokea. Akishapokewa, nimwite. Atakuja kupumzika." Akanishika mkono. "Wengi wamempita. Wengine wamemkimbia. Wewe alikuomba?"

"Aliniomba."

"Ukampokea?"

Alikuwa amenikazia macho kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Ningeweza kusema ukweli. Ulikuwa neno moja tu. Niliona aibu.

"Nilimpokea, mama."

Akalia bila sauti, na humo humo akacheka. Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, vizuri, kama anayetarajia kuonekana. Nikajiambia nitamweleza, ngoja tu nipate pa kuanzia... Lakini alikuwa ameshafika mlangoni. Komeo likalia. Upepo ukaingia na ile harufu ya udongo mbichi, na mwali wa taa ukalala ubavu.

Chumba cha pili, wimbo ukakatika.

"Mama, ngoja... mama, sikum—"

Hakunisikia. Alikuwa amesimama kizingitini, amejaza kifua hewa, kama msichana anayemwita mpenzi wake ng'ambo ya shamba.

"Nuhu!"