Lawama Iliyopimwa Maabara

Majirani zangu wa Qurus, ninyi mnaomjua Lilian kwa vicheko vyake, nipeni masikio niwaeleze jinsi nyumba ya baba yake, Hhando, ilivyonusurika kuvunjika.

Asubuhi moja ya mavuno, Hhando, mkewe Selestina na binti yao huyo walikuwa uani wakipura maharage. Hhando aliimba vibaya makusudi ili wamcheke, nao wakamcheka kwelikweli. Lilian akainuka kufuata ungo. Magoti yakamkataa, akaanguka.

Haikuwa mara ya kwanza. Kwa muda mrefu, binti huyo hakuweza kusimama bila kujisukuma mapajani kwa mikono.

Antonia, dada yake Hhando, alipokuja kumwona mgonjwa alisema, "Kaka, ukoo wetu ni wa watu wa kupanda milima. Ugonjwa huu umeingia na mkeo."

Kila alipokuja aliyarudia maneno hayo. Hhando alimpenda mkewe, lakini maneno yakirudiwa hutoboa moyo. Mwishowe akamwambia Selestina arudi kwao Baray, mpaka ndugu zake waseme wana laana gani. Mama wa watu aliondoka akilia, akiwaza nani atamwinua binti yake kitandani.

Lilian naye akaanza kuficha maumivu asiongeze lawama. Siku moja alianguka shambani, akanyamaza kimya juani hadi jirani alipomkuta. Hebu fikirini, ndugu zangu, mtoto kuogopa kuita msaada nyumbani kwao!

Hapo Hhando alishtuka, akampeleka hospitali Karatu mjini. Daktari akawaunganisha na Felista, mtafiti anayechunguza magonjwa ya misuli ya kurithi. Felista aliomba damu ya wote watatu.

"Pimeni," Hhando akasema upesi. "Ijulikane ugonjwa umetoka upande gani."

Selestina aliitwa, akapanda kutoka Baray na chupa ya uji. Alimmiminia Lilian, kisha akammiminia na mumewe. Alipokwisha kutolewa damu, akarudi kwao.

Majibu yalipotoka, Felista aliwaita Hhando na Lilian.

"Mzee, kila mtu hurithi maelekezo ya kujenga misuli, nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Wewe una nakala moja mbovu, mama naye anayo moja. Ile nzima imewatosha. Lilian amepata mbovu zote mbili."

"Kwa hiyo na mimi nimo?"

"Mmo wote wawili. Na hakuna aliyekosa."

"Dawa ipo?" Lilian aliuliza.

"Ya kuponya, bado. Maabara tunajaribu kuzipa seli maelekezo sahihi, na zinaanza kuitikia. Lakini kutoka seli hadi mtu ni safari ndefu. Sitakudanganya, mdogo wangu."

"Basi tumieni damu yangu. Hata dawa ikimkuta mwingine, sawa."

Hhando alifunika uso kwa kofia, akalia.

Kesho yake alishuka Baray. "Mama Lilian, nilikufukuza kwa jambo ambalo na mimi ninalo mwilini."

Selestina akamtazama. "Na kama usingekuwa nalo, ungekuwa umefanya vyema?"

Hhando alivua kofia. Akajibu, "Hapana."

"Haya, twende. Mtoto ananisubiri."

Antonia naye alikuja kuomba radhi. Alichelewa, lakini alikuja. Hhando amepigilia fito ukutani, kuanzia kitandani hadi mlangoni, binti ashikilie anapotembea. Lilian hufanya mazoezi mepesi aliyoelekezwa, wala hakatazwi kupumzika. Miguu haijapona. Ila siku hizi akianguka huita, "Aayo!" kama tumwitavyo mama kwetu, na baba ndiye hutangulia kufika.

Fundisho

Ugonjwa wa kurithi si laana, wala si kosa la mama. Mgonjwa apelekwe hospitali mapema, na wataalamu wasaidiwe kutafuta dawa. Wakati dawa inatafutwa, tumpende mgonjwa pamoja na aliyemzaa. Upendo hausubiri majibu ya maabara.