Wade Alitaka Mpaka wa Mji Usogee

"Rudia jina hilo," Corinne alisema.

Wakili akakohoa. "Wanaopinga kikomo na kuomba mashamba yao yaingizwe mjini ni watatu, Mheshimiwa Diwani. Wa tatu ni Wade Tolliver."

Ukumbi wa baraza la mji wa Larkin, Idaho, ukalipuka. Nani asiyejua kwamba Wade ni mchumba wake? Na majira yote ya baridi Corinne Halvorsen alibisha hodi nyumba kwa nyumba, akidai mji uwekewe kikomo, uache kumeza mashamba ya viazi.

"Kumbe kikomo ni chetu sisi tu!" mtu akapayuka kutoka nyuma. "Mchumba anauza!"

Meya akagonga meza. "Tupumzike kidogo."

Corinne alitoka hadi kwenye korido, akatembea huku na huku, simu sikioni.

"Wade, uko wapi?"

"Naegesha gari hapo nje. Mpenzi, nilitaka usikie kutoka kwangu..."

"Unauza shamba la babu yako?"

"Siuzi hata kiazi kimoja! Naomba tu mpaka usogee, upite nyumba yangu."

"Ili iweje?"

"Harusi umeiahirisha mara ngapi, Corinne? Kila nikiuliza, unasema diwani lazima aishi mjini, ukihamia kwangu kiti kimekwenda. Nikasema basi, kama wewe huwezi kuja shambani, mji uje."

Corinne alitaka kucheka. Akataka kulia. Hasira ikawahi.

"Ungeniuliza!"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Watu hawa nitawatazamaje usoni?"

"Na mimi je? Mimi unanitazamaje, nikikusubiri miaka yote hii?"

Simu ikakatika.

Alirudi ukumbini, akavuta kipaza sauti. "Bwana Meya, Wade Tolliver ni mchumba wangu. Sikujua habari ya ombi hili. Lakini maadamu lipo, sipigi kura."

Wajenzi wa nyumba, waliokuwa wakiyataka mashamba hayo, wakapeana mikono. Bila kura yake, hoja ya kikomo ilikuwa imekufa.

Mlango ukafunguliwa. Wade akaingia na buti za matope, moja kwa moja hadi mbele.

"Futeni ombi langu," alisema. "Nilichokuwa nakitaka hakihusiani na ugomvi wenu."

"Ulikuwa unataka nini?" Meya akauliza.

"Kuoa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Corinne hakucheka. Kura zilipoitwa, aliinua mkono. Kikomo kikapita kwa kura moja: hakuna shamba litakaloingizwa mjini bila wakazi wenyewe kuamua.

Alipogeuka, Wade hakuwepo. Akaandika haraka: "Usiondoke."

Jibu likaja: "Nipo kwenye gari."

Alimkuta kashika usukani, injini imezimwa.

"Hongera," Wade alisema bila kumtazama. "Sasa hatuna pa kuishi."

"Nitajiuzulu."

"Thubutu! Baada ya yote haya?" Akageuka. "Nyumba yako ina nafasi?"

"Ya mtu mmoja mwembamba. Na jirani ana mbwa anayebweka kutwa."

"Nahamia. Shambani nitakwenda kila alfajiri, kama wenzangu wanavyokwenda ofisini."

"Wewe? Wewe ambaye hujawahi kulala mjini?"

"Sogea, Corinne. Nibusu kabla sijabadili mawazo."

Walifunga ndoa Juni. Mpaka leo Wade hajauzoea mji. Husimama dirishani na kikombe cha kahawa, akitega sikio asikie pampu za kumwagilia shamba, ambazo mjini hazipo, na Corinne huja kusimama naye.