Mdoli wa Mazoezi

Haya yalimpata Thanet, muuguzi mwenzangu hapa Lopburi. Hatungi, maana hata akili ya kutunga hana.

Yeye na wauguzi wenzake walipelekwa hekaluni siku tatu kujifunza kumliwaza mgonjwa anayekata roho. Siku tatu tu, biskuti na cheti juu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mdoli wa plastiki, kafunikwa shuka. Unamnong'oneza sikioni jina la Buddha: "Phut" akivuta pumzi, "tho" akiitoa.

"Mwalimu, hii plastiki inavuta pumzi saa ngapi?" Thanet akauliza, darasa likacheka.

"Ukinyamaza utaisikia," mtawa akamjibu.

Alasiri ya siku ya tatu mvua ikanyesha, wakafunga madirisha, umeme nao ukakatika. Wenzake wakaenda kunywa chai. Thanet akabaki gizani amalize zamu yake, achukue cheti aende zake. Akamwinamia mdoli, akasema kwa kebehi, "Phut."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Karibu kabisa na shavu lake, taratibu, kitu kikasema, "Tho."

Umeme uliporudi, mdoli alikuwa vilevile, midomo imefumba. Thanet akavua miwani aifute. Kioo cha upande wa mdoli kilikuwa kimeingia ukungu. Cha pili kilikuwa kikavu.